Siku ya Kufuata Patasi Bagamoyo: Namna ya Kuitembeza Familia Kwenye Nakshi na Vinyago

Kila likizo ya Juni watoto wa kaka yangu wanakuja Bagamoyo kutoka Dar es Salaam, na asubuhi ya kwanza tu swali linaanza: "Shangazi, leo tunakwenda wapi?" Bahari ina siku yake. Lakini kuna siku moja wanayoiomba kwa jina, nayo tunaiita siku ya kufuata patasi. Tunaianzia kwenye magofu ya mawe ya Kaole, tunarudi mjini kwenye milango ya nakshi, tunakaa na mchonga vinyago, kisha jioni tunapumzika chini ya miembe ya misheni. Karibu kila kitu kiko nje, kwenye jua na upepo wa bahari, na hakuna kioo kinachomtenga mtoto na kazi ya fundi.

Mara ya kwanza niliwatembeza kwa tarehe. Hapa Sultani, pale Mjerumani, mwaka huu na mwaka ule. Kufika saa tano mdogo wao alikuwa amekaa chini anachora mchangani, hanisikilizi. Nikamtazama anavyochora nikaona amenipa jibu. Tangu siku hiyo tunafuata mkono wa fundi: hapa mtu alikata jiwe, hapa alichonga mti, alishika chombo gani, alianzia wapi, mbona hapa amekatiza. Historia inakuja nyuma ya mkono huo, tena mtoto anaiuliza mwenyewe.

Hatua ya 1: Chagua siku na saa

Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, wakati wa kusi, hewa inapokuwa kavu na jua halichomi sana. Masika, kati ya Machi na Mei, njia zina tope na mawe ya Kaole yanateleza. Ukija Desemba au Januari unaweza kutembea, ila joto la kaskazi litakulazimisha kugawa siku: asubuhi na jioni tu, mchana mlale.

Ijumaa mchana msiiweke kwenye mpango. Mji Mkongwe wa Bagamoyo ni makazi ya watu, na saa saba kila mtu yuko msikitini au yuko njiani kwenda.

Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 70. Mwenye gari apite barabara ya Bagamoyo, Tegeta na Bunju, na aondoke saa kumi na mbili asubuhi kabla foleni haijakaza. Daladala za Bagamoyo zinapatikana kituo cha Makumbusho. Ukishuka stendi, tafuta bajaji na mwelewane mapema: kwenda Kaole, kusubiri, na kurudi mjini. Taja na muda wa kusubiri. Ugomvi mwingi wa nauli niliouona hautokani na safari, unatokana na ile saa nzima ya kusubiri ambayo hakuna aliyeitaja.

Hatua ya 2: Funga mkoba

Maji ya kutosha, kofia, viatu vinavyofunika vidole. Kaole ina mawe yenye ncha na mizizi iliyojificha kwenye nyasi. Dawa ya mbu, kwa sababu mikoko iko jirani. Noti ndogo ndogo za elfu moja na elfu mbili. Kitambulisho cha taifa, maana kiingilio cha raia ni cha chini kuliko cha mgeni, na ukilipa udai risiti.

Mtoto mdogo mbebe mgongoni kwa kanga. Kigari cha kusukuma hakifai kwenye vichochoro wala kwenye magofu. Nimeona mama mmoja akikibeba kigari mkono mmoja na mtoto mkono mwingine tangu langoni hadi mwisho.

Kila mtoto apewe daftari na penseli yake. Kalamu ya wino iache nyumbani. Kama kuna tochi ndogo ichukue, hata kama ni mchana. Nitakueleza kazi yake mbele.

Na mavazi. Mnakwenda kwenye makaburi, kwenye vibaraza vya watu na kwenye kanisa. Mabega na magoti yasitiriwe, mtaona hata maongezi yanavyofunguka.

Hatua ya 3: Anzeni Kaole, kwenye jiwe

Kaole iko kama kilomita tano kusini mwa mji. Fikeni kabla ya saa tatu, jua likiwa bado la pembeni. Hapo kuna mabaki ya misikiti miwili, mmoja unakadiriwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi 22. Chukueni mwongozaji wa hapo. Anajua kaburi lipi lina simulizi gani, na watoto watakumbuka sauti yake kuliko ubao wowote wa maelezo.

Kabla mwongozaji hajaanza, waelekeze watoto wasogee karibu na ukuta, pua ifike nusu hatua, mikono nyuma. Waulize: hili ni jiwe gani? Watakwambia saruji. Waambie waangalie vizuri. Polepole wataanza kuona vitundu vilivyopangana kama sega la nyuki, na mistari inayotawanyika kama miale ya nyota. Ni matumbawe. Huu ukuta ulikuwa mdudu wa baharini. Nimelisema neno hilo mara nyingi na bado kila mara mtoto mmoja anarudi nyuma kidogo, halafu anasogea tena kuangalia upya.

Hapo ndipo unaeleza kazi. Mafundi wa pwani walitumia matumbawe kwa njia mbili. Yale magumu, yaliyochimbwa nchi kavu, yalijenga kuta. Yale laini, yaliyotolewa baharini yakiwa bado mabichi, yalikatika kwa chombo kama mti, yakachongwa, kisha yakakauka na kuwa magumu. Hayo ndiyo ya mapambo, kama mihrabu na fremu za milango kwenye misikiti ya kale ya pwani. Na matumbawe hayo hayo yakipangwa juu ya kuni na kuchomwa hutoa chokaa. Kwa hiyo jiwe, pambo na gundi ya kuviunganisha vyote vilitoka bahari moja.

Kisha nendeni kwenye makaburi yenye nguzo. Makaburi ya namna hii yanapatikana pwani ya Afrika Mashariki. Ukienda Tongoni, karibu na Tanga, utayaona mengi zaidi. Mwambie mtoto atafute kwenye nguzo mashimo ya duara. Akishayaona, muulize palikaa nini. Mpe muda. Mmoja wa watoto wangu alisema "taa", mwingine akasema "macho". Palikaa mabakuli ya kauri kutoka China, yaliyopachikwa kwenye chokaa ikiwa mbichi. Mabakuli yameondoka, alama zake zimebaki. Vipande vya kauri viko kwenye jumba dogo la makumbusho hapo hapo, kwa hiyo mtoto anaweza kutoka kwenye shimo akaenda kukiona kilichokuwa ndani ya shimo. Mpango huo, tundu kwanza na chombo baadaye, usiugeuze.

Mambo ya kukataza ni machache lakini yashikwe. Asikae mtu juu ya kaburi. Asipande mtu ukuta. Na msiweke karatasi juu ya jiwe mkasugua penseli ili kunakili pambo. Chokaa ya miaka mamia inamomonyoka kwa kidole tu. Kaole ni mahali pa dua pia. Kuna watu wanaokuja kwenye kaburi la Sharifa na haja zao. Mkimkuta mtu ameinama, piteni mbali, sauti chini. Watoto wanaelewa haraka kuliko tunavyodhani. Wangu walinishika mkono wenyewe.

Kabla ya kuondoka waache wakimbie kuuzunguka mbuyu. Husemwa kwamba anayeuzunguka anaongezewa siku za kuishi. Mama yangu, ambaye magoti yanamsumbua, aliuzunguka taratibu akishikwa mikono na wajukuu wawili, na hiyo ndiyo picha tuliyoitia kwenye fremu.

Hatua ya 4: Rudini mjini, kwenye milango

Hii ndiyo sehemu ya kukaa. Ukiwa na saa moja tu Bagamoyo, iweke hapa.

Mtaa wa India unakwenda sambamba na ufukwe, na juu yake na vichochoro vyake mtaona milango ya kuchongwa ya nyumba za wafanyabiashara wa zamani, wa asili ya Kiarabu, Kihindi na Kiswahili. Jengo la posta ya wakati wa Wajerumani nalo lina mlango wa nakshi. Msijaribu kuiona yote. Chagueni milango minne. Mlango mmoja ukitazamwa robo saa unamfundisha mtoto kuliko ishirini iliyopitwa mbio.

Kwanza salamu. Mlango unaoutazama ni wa kwao mtu. Akiwapo mzee kwenye baraza, "Shikamoo" au "Assalaam aleikum" itangulie, kisha ueleze shida yako: "Tunaomba kuutazama mlango wenu, watoto wanajifunza nakshi." Sijawahi kukataliwa. Mara nyingi mzee husogea, tukaketi, akaanza yeye. Picha iombwe mbali, kwa ombi lake.

Sasa fundisha majina, kwa kuonyesha kwa kidole bila kugusa. Chini kuna kizingiti. Mbao mbili za wima za pembeni ni miimo. Juu kuna kizingiti cha juu, na mara nyingi hapo ndipo fundi alipoonyesha uwezo wake wote. Katikati, pale mbawa mbili za mlango zinapokutana, kuna ubao uliosimama: huo ni mfaa. Kuna mahali nakshi za mfaa zimezidi za mlango mzima. Halafu kuna pete, komeo na bawaba. Mtoto akiyashika majina haya, mlango wa pili atausoma mwenyewe.

Kisha watafute michoro. Mnyororo unaozunguka fremu. Samaki, au magamba yake tu. Mawimbi. Ua la duara lenye petali zilizopangwa kama mikono ya saa. Yungiyungi. Majani ya mtende. Wazee husema mnyororo ni kinga ya nyumba, samaki ni uzazi na riziki, mtende ni neema. Mimi huwaeleza watoto hivyo kama walivyonieleza wazee, kisha nawauliza: wewe ungechonga nini mlangoni kwenu? Mkubwa wao alisema chaja ya simu. Nikamwambia achore, na akachora, na ule mnyororo wake wa waya ulikuwa mzuri kweli.

Watambue na aina mbili. Milango ambayo juu imekatwa mraba huhusishwa na mtindo wa Kiarabu. Ile ambayo juu imepinda upinde, yenye mbawa zilizogawanywa vijumba vidogo vidogo na vichwa vya shaba vimetokeza, huhusishwa na mtindo wa Kihindi. Ncha za shaba, inaelezwa, zilianzia India kuzuia tembo wasisukume malango. Zilipofika kwetu zikawa pambo na heshima ya mwenye nyumba. Wahesabu, safu kwa safu. Yule mdogo wao wa miaka sita alihesabu mlango mmoja mara tatu, akapata majibu matatu, na hakuondoka mpaka mzee wa baraza alipomsaidia.

Sasa ile tochi. Kwenye kivuli nakshi huonekana bapa. Washa tochi ukiiegemeza ukutani, mwanga upite juu ya mlango kwa pembeni, usimulike uso kwa uso. Ghafla kila jani linapata kivuli chake na mnaona kina cha patasi. Ndiyo maana pia milango inayotazama baharini huonekana vizuri asubuhi, na ya upande wa pili hupendeza alasiri. Saa sita mchana jua likiwa utosini, usihukumu mlango wowote.

Kwenye mwanga huo mwonyeshe mtoto jambo moja nililolielewa nikiwa mtu mzima: fundi hakuongeza ua juu ya ubao. Ua lilikuwa kwenye ubao tangu mwanzo, sawa na mbao nyingine. Yeye aliondoa mti uliokuwa pembeni yake. Mguse begani umwambie aangalie sehemu ya chini ya petali, pale patasi ilipoishia. Mtaona vialama vidogo vya mkato, vimepangana, kila kimoja ni pigo moja la nyundo. Tafuteni na pigo lililopotea. Lipo karibu kila mlango. Watoto wakilipata wanalipenda kuliko ua lenyewe, kwa sababu hapo ndipo wanapomwona mtu.

Milango mingi ilichongwa kwa msaji, mvule au mfenesi, miti isiyokubali mchwa upesi. Hata hivyo chumvi na mvua zinakula. Mtakuta mlango uliopakwa rangi ya mafuta mpaka nakshi zimezibika, na mtakuta fremu tupu, mlango umeng'olewa na kuuzwa. Hilo linaniuma na siwafichi watoto. Nawaambia nyumba hii ilikuwa na mlango, na sasa mlango uko sebuleni kwa mtu mwingine ambako hakuna anayeufungua.

Mlango mpya nao msiupite. Nakshi mpya za Bagamoyo zinachongwa hadi leo, na kwa mlango mpya, fundi akikubali, ndipo mnaweza kuweka karatasi na kusugua penseli ya risasi hadi ua likatokea.

Ngome Kongwe, iliyojengwa mwaka 1860, na Boma la Wajerumani la mwaka 1897 mtaziona kwa urahisi. Zitazameni kwa nje. Siku hii si yao.

Hatua ya 5: Kula, kisha mafundi wa vyombo

Mchana kuleni karibu na soko la samaki: samaki wa kukaanga, chapati au mihogo, na dafu. Chagueni samaki aliyekaangwa mkiona. Mkitaka wali wa nazi, uagizeni mapema mjini mkiwa bado kwenye milango.

Ufukweni hapo huwa kuna mashua na ngalawa zilizovutwa juu zikitengenezwa. Watu wengi hupita wakidhani wameshaona sanaa na hii ni kazi ya kawaida. Simameni. Seremala wa vyombo anaangalia mti uliopinda msituni na kuchagua ubavu wa mashua humo humo kwenye pindo lake, na tezo lake ni ndugu wa tezo la mchonga vinyago. Mkibahatika mtamkuta anayekalafati: anasokota pamba, anailowesha mafuta, anaisukuma kwenye nafasi ya mbao mbili kwa chuma butu na nyundo, tak tak tak, mpaka pamba haionekani. Mwambie mtoto afumbe macho asikilize. Sauti hubadilika pamba ikishajaa, na fundi anajua kwa sikio kwamba pameziba.

Msiogelee hapo. Kuna nanga, kamba na vyombo vinavyoingia, na maji yanapojaa hufika upesi.

Hatua ya 6: Mketi na mchonga vinyago

Karakana za vinyago ziko Mji Mkongwe na kando ya barabara ya kuelekea Kaole, nyingine ni turubai chini ya mti tu. Upande huo huo ndiko iliko TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa. Ulizeni getini kama kuna mazoezi au maonyesho siku hiyo. Kukiwa na ngoma, watoto wanapata faida ya ziada.

Ukifika kwa mchongaji usianze na bei. Salimia, omba kukaa, mwambie ukweli: watoto wangependa kukuona ukifanya kazi, na tukipenda kitu tutanunua. Kisha keti kweli. Dakika tano za kwanza hakuna linalotokea isipokuwa vumbi. Waache watoto wachoke kidogo. Baadaye wataanza kuona.

Mpingo ukikatwa hauna weusi nje. Ganda la nje ni jeupe lenye umanjano, na weusi uko kwenye kiini. Mchongaji anakata kwa tezo pigo fupi fupi, huku kigogo amekibana kwa miguu, na weusi unafunguka kama mtu anayevuliwa shuka. Tezo likishatoa umbo inaingia patasi, kisha tupa, kisha msasa mkavu, na mwisho msasa laini mpaka kinyago kinang'aa bila rangi yoyote. Hana mchoro pembeni. Mtoto akimuuliza anajuaje, mwache amjibu mwenyewe. Mmoja alimjibu mwanangu: "Mti una upande wake. Nikiulazimisha unapasuka." Mwanangu bado anairudia sentensi ile anapofunga kamba za viatu.

Uchongaji huu wa mpingo umebebwa zaidi na Wamakonde, wenye asili ya Mtwara na kaskazini mwa Msumbiji, ingawa leo wachongaji ni wa makabila mengi. Ombeni muonyeshwe ujamaa: kigogo kimoja chenye watu wanaobebana, mmoja juu ya mwingine, hadi juu. Wahesabu kuanzia chini, na wazungushe macho pande zote, maana mtoto aliyejificha nyuma ya mguu wa mzee haonekani mbele. Kisha kuna shetani, mwenye jicho moja, mdomo uliopinda, tumbo lenye tundu. George Lilanga, Mmakonde aliyefariki mwaka 2005, alianza kwa kuchonga, kisha mashetani wale akawahamishia kwenye rangi, wakacheka na kucheza hadi dunia ikawafahamu.

Mtoto mdogo anaweza kuogopa. Wangu alijificha kwenye kanga yangu. Mchongaji hakumcheka. Alimpa kipande cha msasa na kinyago ambacho hakijamalizika, akamwambia asugue kichwa. Baada ya muda akawa anamsugua shetani masikio huku anamsemesha. Wahenga walisema kinyago cha kujichongea hakitishi. Nililiona hilo kwa macho yangu siku ile.

Kuna familia, na yetu ni mojawapo, ambazo wazee hawapendi sanamu ya sura ndani ya nyumba. Liheshimuni bila kuwanyima watoto kutazama. Mama yangu hukaa nje ya karakana anaongea na wauza kashata, na sisi tukinunua tunanunua kijiko, sanduku la nakshi au samaki.

Ukinunua, pima. Mwaka mmoja nilinunua kando ya njia kinyago nilichoambiwa ni cha mpingo. Mtoto alikikumbatia akiwa na kanzu nyeupe ya Idi, na kanzu ikatoka na mkono mweusi kifuani usiotoka hadi leo. Ulikuwa mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu. Tangu hapo nafanya hivi: nachukua kitambaa cheupe, nakilowesha kidogo, nasugua chini ya kinyago mbele ya muuzaji, kwa adabu. Nakipima mkononi, mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutumbukiza majini unazama. Naangalia kitako, mara nyingi utaona kipande cha ganda jeupe. Mchongaji wa kweli hachukii ukipima. Mara nyingi atakuletea mwenyewe ndoo ya maji, na hapo watoto watataka kuzamisha kila kitu kilichoko karakanani.

Bei zungumzeni, lakini msimvunje mtu. Mmemtazama akitoa jasho juu ya kitu hicho hicho mnachokishusha bei. Kama hamkununua, acheni chochote cha maji, mshukuru.

Hatua ya 7: Alasiri, misheni

Jua likianza kulegea nendeni misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868 na mapadri wa Roho Mtakatifu. Njia ya miembe mikubwa peke yake inatosha kuwatuliza watoto waliochoka. Mnara wa kanisa la zamani ndipo mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi, ulipolazwa mwezi Februari mwaka 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka bara kwa miezi mingi.

Lakini mimi nawapeleka kwenye mbuyu. Una kipande cha mnyororo kinachotokeza kwenye gome. Inasimuliwa kwamba mama mmoja mmisionari alifunga hapo punda wake, mnyororo ukasahaulika, na mti ukaendelea kukua hadi ukaumeza. Baada ya siku nzima ya kuona mtu akiukata mti, hapa mti ndio umefanya kazi. Wapeni watoto daftari wachore. Mkubwa alichora mnyororo tu, mti akauacha.

Hatua ya 8: Jioni nyumbani, kila mtoto achonge

Msilale kabla ya hatua hii, hata kama ni nusu saa. Nunua sabuni ya mche iliyo mpya, ile inayobonyea ukiigandamiza kwa kidole. Iliyokaa sana dukani inapasuka. Kata vipande vya upana wa kiganja. Mpe kila mtoto kijiko cha chai na kijiti cha mshikaki. Kisu hapana.

Achore kwanza kwa kijiti juu ya sabuni, kitu kimoja alichokiona: ua la mlango, samaki, bakuli la Kaole. Kisha aondoe vilivyo pembeni, kidogo kidogo, kwa ncha ya kijiko, akianzia mbali na mstari. Akifika kwenye mstari apunguze nguvu. Mwishoni aloweshe kidole asugue, hiyo ndiyo msasa yake. Chini pawe na sinia: vipande vinavyodondoka vikusanywe kwenye kopo, kesho vifue nguo za safari zenye vumbi la Kaole.

Samaki wa kwanza wa yule mdogo alivunjika mkia, akalia kwa uchungu hasa. Sikumfariji kwa maneno mengi. Nilimkatia kipande kingine, nikamuuliza kwa nini yule samaki wa kwenye mlango wa Mtaa wa India hakuvunjika. Akafikiri. Akasema mkia wake ulikuwa umeshikana na ubao nyuma. Wa pili alimwacha mgongo mnene, mkia hakuutenga na sabuni, na akawekwa dirishani akauke.